Mafunjo au ngozi: mwandishi wa Ulaya ya karne ya 6 achague nini?

Kwa bei, mafunjo (kurasa za kuandikia zilizotengenezwa kwa matete ya mto Nile) yanashinda, ila pale tu meli za kutoka Misri zinapofika. Karani wa Ravenna, mji wa Italia, anayeandika hati za mauzo ya mashamba hana haja ya kuchinja ndama. Ukikaa mbali na bandari, hesabu inageuka: kondoo wako zizini, mto Nile uko ng'ambo ya bahari. Ofisi za wafalme wa Wafaranki, watawala wa Ufaransa ya leo, ziliacha mafunjo mwishoni mwa karne ya 7. Makarani wa Papa, ving'ang'anizi kweli, waliendelea nayo hadi karne ya 11.

Kudumu? Hapa ngozi haina mpinzani. Unyevunyevu wa Ulaya huozesha mafunjo, na yakikunjwa mara nyingi hukatika. Ngozi huandikwa pande zote mbili, hukwanguliwa, ikaandikwa upya. Adha yake ni kujikunja hewa ikibadilika, ndiyo maana vitabu vilibanwa kwa mbao. Na gharama sasa! Codex Amiatinus, Biblia iliyonakiliwa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, kabla ya 716, ina kurasa zaidi ya 2,000. Zizi zima hilo.

Kwa risiti ya kodi, mafunjo yanatosha. Kwa Biblia ya kurithisha watawa wajao, tafuta ndama.