Mazoezi tiba ya shingo hapa Mbeya: uzoefu wangu

Kama kichwa kinakuuma upande mmoja, maumivu yanaanzia kisogoni yanapanda hadi nyuma ya jicho, na yanazidi ukigeuza shingo, nisikilize kabla hujanunua tena vidonge. Nina miaka 27, nachapa kazi za wanafunzi kwenye steshenari huku Iyunga. Zahanati niliyoanzia walinipima malaria, hawakuikuta, wakanipa dawa za taifodi. Kichwa kikaendelea vilevile. Baadaye kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, hadi kalamu inaniponyoka.

Daktari wa hospitali ndiye aliyenielekeza kitengo cha mazoezi tiba, na hii ndiyo huduma ninayoisifu. Kaka aliyenipokea aliniuliza maswali mengi, akanikalisha, kisha akabonyeza kwa dole gumba chini kidogo ya fuvu. Palepale maumivu yakaruka hadi kwenye jicho. "Dada, kichwa chako kinaumia hapa." Akanieleza kwamba neva za juu za shingo zinapeleka taarifa mahali pamoja na neva ya hisia za uso, ndiyo maana ubongo unadhani tatizo liko kwenye jicho au paji. Halafu akanilaza kichwa upande wa kulia, akakigandamiza taratibu. Nikahisi kama shoti ya umeme inashuka mpaka kwenye gumba. Hapo neva ya sita ya shingo ndiyo imebanwa, akasema. Ingekuwa ya saba, ganzi ingekaa zaidi kidole cha kati.

Kukandwa kulinipa nafuu ya siku ileile tu. Kilichonisaidia kweli ni mazoezi ya nyumbani: kurudisha kidevu nyuma moja kwa moja bila kuinama, kushikilia kidogo, kuachia, na kukaza misuli ya kati ya mabega. Yanachosha kwa jinsi yalivyo madogo, na wiki za mwanzo unaona kama hakuna kitu. Vumilia. Kazini tumeinua kompyuta kwa rimu za karatasi hadi kioo kikafika usawa wa macho, nikaunganisha kibodi ya pembeni. Pia aliniambia niangalie mabega yangu asubuhi za Juni na Julai. Ni kweli, kwa baridi ya Mbeya tunatembea mabega yakiwa masikioni na misuli inakaza kutwa nzima. Sasa sitoki bila skafu.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, na kati ya kitanda na kitanda ni pazia tu. Kola ya shingo niliyokuwa nimeinunua Mwanjelwa alinikataza kuivaa kila siku, kwa sababu misuli hulegea. Na vidonge vya maumivu, akasema, ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Ganzi imeisha, kichwa kinanirudia mara chache. Wengi wenye neva iliyobanwa hupona ndani ya wiki au miezi bila upasuaji. Ila ukiona miguu inalegea, mkojo unakutoka bila kujua, au shingo imekakamaa pamoja na homa, usisubiri mazoezi: kimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Ukienda, wahi asubuhi na vaa nguo yenye shingo pana, kwa sababu lazima ashike mabega.