Nimebadilisha rejeta, nimetengeneza feni na kufunga geji ya joto kwenye Prado ya 1KZ, uzoefu wangu

Wakuu habari, hii ni kwa wenye Prado za zamani za dizeli, injini ya 1KZ. Mashine tamu sana ila joto haisamehi, hedi yake (kichwa cha injini) ni aluminiamu, ikichemsha vizuri mara moja tu ujue umeshaanza kutafuta hedi nyingine.

Yangu ilinishtua mlima Kitonga, barabara ya Iringa. Desemba tunaenda Mbeya, familia yote ndani, mizigo juu, AC inapiga, katikati ya mlima nguvu zikaanza kukata na harufu ya kulanti (maji ya kupozea injini) ikaingia, naangalia dashibodi mshale wa joto umetulia katikati kama hamna kitu. Nikaweka pembeni haraka. Baadae ndo nikaja kuelewa huo mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda kiasi, ukija kunyanyuka umeshachelewa.

Kurudi Dar tukafungua rejeta, aisee, ndani tope la rangi ya chai ya maziwa, mirija ya chini imeziba kabisa, miaka yote imekunywa maji ya bomba. Nikachukua Gerezani rejeta ya aluminiamu tupu, sio ya kiwandani, laki sita na themanini, nene kuliko ile ya matenki ya plastiki. Kama gari yako ni otomatiki hakikisha ina zile njia mbili za mafuta ya gia boksi kule chini.

Shida ikaja kwenye kava la feni, lile linaloizunguka feni nyuma ya rejeta, matundu yamepishana kama upana wa kidole. Fundi ananiambia bosi hili kava halina kazi tulitoe tu. Nikakataa kabisa, bila kava feni inavuta upepo wa pembeni, haivuti kupitia rejeta nzima. Tukachomelea vibreketi, masaa matatu yakaenda ila limekaa. Hapo hapo nikagundua themostati (valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto) haipo, gereji moja huko nyuma waliitoa bila hata kuniambia! Hii tabia inaniuma sana, injini inachelewa kupata moto asubuhi na dizeli inaliwa bure. Nimeweka mpya, inafunguka kwa joto lile lile la kiwandani.

Sasa sikilizeni, rejeta peke yake haikumaliza. Nilifunga geji ya joto ya dijitali, elfu 45, nikapanda na gari Pugu na mzigo ikagonga nyuzi 104. Tukazima injini ikiwa ya moto, nikazungusha feni kwa mkono, inazunguka kirahisi kabisa wakati ilitakiwa iwe nzito. Klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke kwa nguvu injini ikipata moto, imechoka. Fundi akaifungua akaongeza mafuta ya silikoni, ukiwasha ya moto sasa unasikia inanguruma kama lori.

Juni nikarudi Kitonga, mzigo ule ule, AC on, mke wangu ananisomea namba. Ruaha Mbuyuni 86. Katikati ya mlima nyuma ya lori tunatambaa, 93, 94, 95, ikagoma hapo. Tulivyotokea juu ikaanza kushuka yenyewe, mpaka Ilula 87.

Kilichonikera ni mipira ya silikoni ya kupitisha kulanti, niliifunga na klipu za kawaida, asubuhi ya baridi Mafinga nakuta kulanti inadondoka. Nimeweka klipu za springi, mpaka leo pakavu. Ningeanza upya ningenunua geji kwanza, halafu klachi ya feni, rejeta ndo ifuate.