Vital kama sinthesaiza ya kwanza: tathmini kwa anayeanza kutengeneza muziki nyumbani

Anayeanza kutengeneza muziki kwenye kompyuta yake hakosi ala za programu. Kinachomsumbua ni wingi wake. Plagini, yaani programu za ziada zinazofunguliwa ndani ya programu ya kurekodia, za bure na za kulipia zimejaa mtandaoni, na nyingi huja na mamia ya preseti, yaani sauti zilizokwisha kutengenezwa, hata mtu akamaliza jioni nzima akibofya moja baada ya nyingine bila kuandika baa nne za wimbo. Kwa hiyo nilipoipima Vital, ambayo ni sinthesaiza, yaani ala ya programu inayozalisha sauti yake yenyewe, sikujiuliza kama inatoa sauti nzuri, maana karibu sinthesaiza zote za siku hizi zinatoa sauti nzuri. Nilitaka kujua kama mtu asiye na msingi wowote anaweza kuifungua, akaichezea, kisha akaelewa sauti inavyojengwa. Kwa kipimo hicho sijaona inayoishinda.

Vital ilitolewa mwaka 2020 na Matt Tytel, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza sinthesaiza nyingine ya bure iitwayo Helm. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, iwe imefunguliwa peke yake au ndani ya programu ya kurekodia. Toleo la bure lina preseti 75 na majedwali ya mawimbi 25, yaani mikusanyiko ya maumbo ya wimbi ambayo sauti hujengwa kwayo. Matoleo ya kulipia yanaongeza idadi hizo, lakini injini inayozalisha sauti ni ile ile, hivyo anayetumia toleo la bure hanyimwi kitu chochote cha maana katika kujifunza. Mimi ningesema hata kwamba uchache wa preseti ni faida kwake, kwa sababu zikiisha haraka atalazimika kutengeneza zake.

Ubora wa Vital unaonekana zaidi katika namna inavyoonyesha kinachotendeka. Katika sinthesaiza nyingi, osileta huzalisha wimbi, kichujio hupunguza baadhi ya masafa ya wimbi hilo, na vyanzo vya mabadiliko, yaani enivelopu (mchoro wa kupanda na kushuka kwa kila noti) na LFO (wimbi la polepole linalojirudia), huisogeza mipangilio wakati noti inalia ili sauti isikae mahali pamoja. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa katika plagini nyingi uhusiano kati ya chanzo na kinachobadilishwa umefichwa ndani ya orodha na menyu. Katika Vital unashika enivelopu kwa kipanya, unaiburuta mpaka juu ya kidhibiti unachotaka, unaiachia, na papo hapo pete ya rangi inatokea kukizunguka kidhibiti hicho ikionyesha kiasi cha mabadiliko. Ukipiga noti, alama ndani ya pete hiyo inatembea sambamba na unachokisikia.

Mfano wa bezi unatosha kulithibitisha hili. Rudisha plagini kwenye hali yake tupu kupitia menyu iliyo karibu na jina la preseti, acha osileta moja tu yenye wimbi la msumeno, washa kichujio kimoja na ukishushe mpaka sauti ibaki nzito na yenye giza. Enivelopu ya kwanza tayari inatawala ukubwa wa sauti, kwa hiyo chukua ya pili na uiburute hadi kwenye kidhibiti cha kichujio. Kati ya hatua zake kuu nne, yaani kupanda, kushuka, kudumu na kuachia, fupisha kushuka na uweke kudumu kwenye sifuri. Sasa kila noti inaanza kwa mng'ao mfupi kisha inazama haraka, na umepata bezi ya kudonoa inayofaa kuingia kwenye biti. Ukirefusha kushuka kidogo kidogo huku ukipiga noti ile ile, utaona na kusikia kwa wakati mmoja maana ya neno enivelopu, jambo ambalo maelezo marefu ya video mara nyingi hayalifikishi.

Picha hizo zinazotembea zina gharama yake, hasa kwenye kompyuta ya zamani yenye kadi dhaifu ya michoro. Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na kitendo cha mtumiaji mwenyewe, nacho ni kuongeza sauti za unisoni, yaani nakala za wimbi lile lile zinazolia pamoja. Kila osileta inaweza kurudufiwa hadi mara 16, na osileta ni 3. Ukizijaza zote kisha ukapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya noti 4, umeitaka kompyuta ikokotoe mawimbi 192 kwa pamoja, mbali na vichujio, mwangwi na athari nyinginezo. Sauti ikianza kukatika-katika, anza kwa kupunguza unisoni kabla ya kuilaumu plagini. Sauti 4 au 5 zilizotawanywa kwa kiasi mara nyingi zinakaa vizuri zaidi kwenye miksi, yaani mchanganyiko wa sauti zote za wimbo, kuliko 16, ambazo hulifunika kila kitu.

Wapo pia wanaoiona ala ni nzito kwa sababu noti inachelewa kulia baada ya kubonyeza kibodi. Hapo chanzo kwa kawaida ni ukubwa wa bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukitoa, katika mipangilio ya sauti. Bafa ya sampuli 512 (vipimo vidogo vidogo vya sauti) kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 11.6 hivi, na ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, ingawa ucheleweshaji kamili huzidi hapo kidogo kutokana na vifaa. Weka bafa ndogo unapopiga, uikuze unapofanya miksi. Kuhusu usakinishaji, watumiaji wa Logic na GarageBand, programu za kurekodia za Apple, wahakikishe wameweka toleo la AU (muundo wa plagini wa Apple), kwa kuwa programu hizo hazisomi muundo mwingine uitwao VST.

Nimeilinganisha na mbili nyingine za bure. Surge XT, iliyozaliwa kutokana na sinthesaiza ya kibiashara ambayo mtengenezaji wake, Claes Johanson, aliifungulia umma msimbo wake mwaka 2018, ina aina nyingi zaidi za osileta, maelfu ya preseti na mwongozo ulioandikwa kwa uangalifu, tena inatumika na programu za kusomea skrini, jambo ambalo watengenezaji wengi wa plagini hawajalijali. Lakini uso wake umejaa vidhibiti vingi, na mgeni hajui aanzie wapi. Ningeiweka ya pili. Dexed inaiga kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, pamoja na opereta zake 6 (vyanzo vya mawimbi vinavyobadilishana sauti) na mipangilio 32 ya kuziunganisha, na inapakia hata faili za sauti za kinanda kile cha asili. Kengele na piano zake za umeme ni tamu mno, ila kuzitengeneza kuanzia mwanzo ni kazi ya mtu aliyekwisha kuielewa misingi.

Anayetafuta gitaa, violini au ngoma zinazolia kama za kweli asiitegemee Vital. Inaweza kupakia sampuli moja, yaani rekodi moja ya sauti, kama chanzo cha nyongeza, lakini haikuundwa kubeba rekodi nyingi za ala halisi, na kwa kazi hiyo ni afadhali kutafuta sampla, yaani ala inayopiga rekodi za sauti halisi.