IVUS au OCT: ipi yaonyesha vizuri stenti ilivyokaa?

Eksirei ya kawaida ya mishipa ya moyo huonyesha kivuli cha njia ya damu tu. Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa kuuacha mshipa wazi, inaweza kuonekana imefunguka vizuri, kumbe baadhi ya vijiti vyake vya chuma vinaelea bila kugusa ukuta. Ndiyo maana daktari hupitisha katheta, mrija mwembamba wenye kifaa cha kupiga picha, ndani ya mshipa wenyewe, kwa njia ya IVUS au OCT.

IVUS hutumia mawimbi ya sauti, OCT hutumia mwanga wa infraredi. Kwa swali hili la kugusana, mimi naipa OCT nafasi ya kwanza. Inatofautisha vitu vya mikroni 10 hadi 20 (mikroni 1,000 ni milimita moja), ilhali IVUS hukomea kwenye mikroni 100 hivi, na kijiti cha stenti za siku hizi huwa chini ya mikroni 100. Pengo dogo, mchaniko pembezoni mwa stenti, donge dogo la damu iliyoganda: OCT huviona waziwazi.

Lakini mwanga haupenyi damu. Lazima isukumwe kando, kwa kawaida kwa dawa ya kontrasti, ile ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei, ambayo inaweza kudhuru figo, na hapo mgonjwa mwenye figo dhaifu namhofia sana. Kwake IVUS ni salama zaidi. Vilevile kwenye mdomo wa mshipa unapotokea aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ambako damu haiondoki kirahisi. Tena IVUS huona kwa kina cha milimita kadhaa. OCT milimita 1 hadi 2 tu.

Mwaka 2023, utafiti wa OCTIVUS wa Korea Kusini, wagonjwa 2,008, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja OCT haikuwa duni kuliko IVUS.