Uzoefu wangu: kuhesabu ndege mbuai katika kilima cha Derby Hill, New York

Kwa msomaji anayeishi Syracuse au jirani yake na anayejiuliza kama Derby Hill inastahili safari ya gari ya chini ya saa moja, jibu langu ni kwamba inastahili kabisa, mradi upepo uwe unavuma kutoka kusini. Kituo hiki cha Onondaga Audubon, ambacho ni chama cha wapenda ndege, kipo kwenye kona ya kusini-mashariki ya Ziwa Ontario, na kila mwaka kuanzia Machi hadi Mei huwekwa mhesabuji wa kuandika kila ndege mbuai anayepita. Kuingia ni bure. Kilima chenyewe hakina urefu wa kujivunia. Ni mwinuko wenye nyasi juu ya ukingo wa ziwa, na mtu aliyekulia Usambara anaweza kuuliza kilima kiko wapi.

Sifa ya mahali hapa inatokana na ziwa. Ndege wakubwa wenye mabawa mapana hawapendi kusafiri kwa kupiga mabawa. Hupandishwa na hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhi iliyopigwa na jua, kisha huteleza mbali hadi wapate hewa nyingine ya namna hiyo. Juu ya maji ambayo bado ni baridi hewa hiyo haipatikani, kwa hiyo ndege anayetoka kusini akilifikia Ziwa Ontario, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, hukata kona na kuufuata ufuko kuelekea mashariki hadi pale ziwa linapoishia, ndipo apinde tena kaskazini. Upepo wa kusini huwasukuma wabanane ufukoni, nao hupita karibu kabisa na watazamaji. Kwa msimu mmoja hupita kiasi cha ndege 40,000. Tai wa nyika wanaoondoka Kenya na Tanzania kila mwaka kurudi Urusi na Kazakhstan nao hulazimika kuzunguka bahari kwa sababu hiyohiyo, ingawa wao hupitia Suez huko Misri na Eilat huko Israeli.

Nilichagua wiki ya mwisho ya Aprili kwa ajili ya kipanga wa mabawa mapana, ambaye hurejea kutoka Amerika ya Kati na Kusini kwa makundi makubwa ndani ya siku chache. Mapema asubuhi hapakuwa na lolote ila tumbusi waliopita wakiyumbayumba, mabawa yameinuliwa kama herufi V. Kuanzia saa nne, ardhi ilipokwisha kupata joto, vipanga walianza kujikusanya: kwanza vidoa vitano, kisha ishirini, kisha mzunguko mzima wa ndege wanaopanda bila kupiga bawa hata mara moja. Mmoja aliteremka chini kiasi cha kuonekana mistari myeusi na myeupe ya mkia wake, na ukingo mweusi uliochorwa kwenye ncha za mabawa meupe.

Kilichonivutia zaidi ni kazi ya mhesabuji. Ndege wanapozunguka, yeye hawahesabu, kwa sababu hupishana na kuchanganyika. Husubiri wafike juu, wajipange na kuanza kuteleza kwa mfululizo, ndipo kidole gumba kinapobonyeza kihesabio huku macho hayatoki kwenye darubini. Msafara ukiwa mzito huhesabu kumi kumi. Kila saa inapotimia huandika idadi ya kila aina, upepo, mawingu na joto. Takwimu za namna hii si mchezo: kule Hawk Mountain, Pennsylvania, ambako ndege huhesabiwa tangu mwaka 1934, upungufu wa tai wachanga kwenye hesabu ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliotumika kuonyesha madhara ya DDT, dawa ya kuua wadudu, ambayo Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Kuhusu vifaa, nilipata nafasi ya kujaribu darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42) na ya 10x42, nami nimeegemea ya kwanza. Ya 10x hukuza zaidi, lakini hutetemeka mkono unapochoka, na eneo inaloonyesha ni dogo, hivyo ni rahisi kulipoteza kundi lililokwisha kupatikana. Pia ieleweke kwamba anga la buluu tupu, ambalo wengi hulisifu, ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa ndege aliye juu sana humezwa na rangi hiyo. Mawingu meupe humtoa waziwazi.

Yapo mambo ya kuvumilia. Upepo wa ukingoni hupenya koti hata siku yenye jua, na mwezi Machi theluji inayoletwa na ziwa bado huanguka. Kuna saa nzima zisizo na ndege yeyote, jambo ambalo watoto hawatalipenda. Isitoshe, mhesabuji yupo kazini, si mwongoza watalii. Aulizwe maswali anga likiwa tupu. Bila gari sioni namna ya kufika. Utabiri wa hali ya hewa ukionyesha upepo wa kaskazini, njia ya ndege huhamia bara, na hapo ni afadhali kwenda kwenye uwanja wa kutazamia wa kusini, ulio mbali kidogo na maji, kuliko kukaa ukingoni na kuhesabu shakwe.