Kamongo wa vibanda vya ziwani Kisumu: msosi mtamu, menyu inachanganya

Nimekaa Kisumu wiki mbili kikazi, mimi mtu wa Tanga nimezoea changu na pweza, jamaa mmoja wa Kampala tuliyekuwa naye kazini akasema twende tukale samaki kule vibandani ziwani. Kibanda chenyewe poa, upepo upo, ila ubao wa menyu jamani! Chaki imeandika ngege, mbuta, mumi, kamongo, basi. Ngege nikaelekezwa ndo sato wetu, mbuta ndo sangara, mumi kambare. Haya, na kamongo? Dada anayehudumia anasema "hiyo pia ni kambare lakini ingine." Mganda akadakia "huyo ni mamba bana." Nikasema mimi simo, nani ale mamba saa saba mchana! Kumbe Kiganda emmamba ni huyu huyu samaki, mamba wetu wa kula watu, wao wanamwita goonya. Na Kiswahili cha vitabuni yupo kama kambare mamba, kwa hiyo dada wa watu hakunidanganya sana, ingawa na kambare wala hawana undugu wa karibu.

Nikaomba nimwone mzima kwanza. Mama wa jikoni kanionyesha kwenye beseni, mrefu kama mkunga, mapezi hana ya maana, vinyuzi vinne tu kama kamba za viatu, na kila baada ya muda anatoa mdomo juu kuvuta hewa maana huyu ana mapafu, ukimzuia asifike juu anakufa maji, samaki huyo!! Mama akasema kwenye madimbwi maji yakikauka anajizika kwenye tope anasubiri mvua. Ukoo wake upo tangu miaka kama milioni 400 iliyopita, dinosaria wamemkuta.

Sasa msosi. Wanambanika kwa moshi kwanza halafu anaingia kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, nyama imeshikana kama kuku wa kienyeji, ule moshi unausikia mpaka kwenye ugali wa mtama. Vimiba vya kukuchoma koo sikukutana navyo, mwenye watoto amlishe bila wasiwasi. Shilingi 450 za Kenya, sahani imejaa. Wamenikera kwa kuchelewa, saa nzima kasoro, na chumvi walimwaga. Nawapa nyota nne, ya tano wataipata siku wakiandika majina yote kwenye ubao, maana wageni wengi wataishia kuagiza ngege kwa uoga.

Halafu huyo Mganda aliyenileta, sahani zinakuja naona yeye kaagiza ngege. Namuuliza vipi tena, ananiambia yeye ni wa ukoo wa Mamba, kwao huyo samaki ni mwiko kumla. Sasa kaka si ungesema mapema, mimi nishamega kipande cha pili!