Kocha wa kazi kwa mhasibu na fundi wa shule: uzoefu wangu hapa Tanga

Mimi ni mhasibu wa sekondari ya binafsi yenye bweni hapa Tanga. Mwenye kazi kama yangu anajua kuwa kwenye shule zetu mhasibu hashiki vitabu tu. Ada, mishahara, NSSF na TRA ni vyake, na mchele, mafuta ya jenereta, LUKU, mabati na vyoo vilivyoziba navyo huishia mezani kwake. Mwaka jana shule ilitulipia huduma ya ukocha wa kazi kwa mihula miwili, mimi na msimamizi wetu wa majengo, yaani mtu wa kutuuliza maswali mpaka tuione na kuipanga kazi yetu wenyewe. Wenzangu wa shule nyingine wamekuwa wakiniuliza kama kulikuwa na jambo la maana pale au ni semina nyingine ya kwenda kuchukua cheti. Kwangu lilikuwa jambo la maana sana, tena si upande wa hesabu, ambako ndiko nilikotegemea.

Walimu wana pa kwenda. Mkuu wa shule akitaka kunoa uongozi wake kuna ADEM kule Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1979 kikiitwa MANTEP na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2001. Mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu, na mitihani yake, fundi ana VETA na vyuo vyake vya ufundi. Kila mmoja anaiva kwenye fani yake, lakini wakikutana ndani ya uzio wa shule hakuna aliyewafundisha namna ya kuiendesha kwa pamoja. Marekani watu wa fedha na majengo ya shule wana chama chao tangu 1910. Huku kila shule inajifundishia yenyewe. Kwa wenzetu wa serikali mzigo ni mzito zaidi: ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na mara nyingi anayeiandikia hesabu ni mwalimu mwenye vipindi vyake darasani, ambaye akitoka huko anakaa kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule.

Kocha tuliyempata ni mama aliyefanya uhasibu wa shule miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ukocha. Simtaji jina kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Kabla ya kuanza alituweka meza moja, mkuu wa shule, mimi na msimamizi wa majengo, tukaandika makubaliano ya ukurasa mmoja: tunataka nini kibadilike mwaka ukiisha, nani atapewa taarifa ipi, na yapi yatabaki kati yetu na yeye.

Mazungumzo yake yanafuata utaratibu unaotumiwa na makocha wengi, uliotokea Uingereza miaka ya 1980 na unaohusishwa zaidi na John Whitmore. Unataja lengo, unaeleza hali ilivyo, unatafuta njia zilizopo, mwisho unasema utafanya nini na lini. Ukisoma hivi unaona ni jambo jepesi. Ugumu uko kwenye hatua ya pili, maana hakubali maneno ya jumla. Ukimwambia matengenezo yanatumaliza, anakuuliza matengenezo gani, jengo lipi, mara ya mwisho yalifanyika lini, risiti iko wapi.

Na haulizi akiwa amekaa. Siku ya kwanza hakufungua leja hata moja. Alimwamkia msimamizi wa majengo, ambaye kwa umri ametuzidi sote, kisha akamwambia, “Mzee wangu, nipitishe unakopita asubuhi, mimi nakufuata tu.”

Tukaanzia kwenye simtanki. Mzee akafungua kifuniko akamwonyesha floti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaeleza kwamba ikikwama usiku maji ya bwawa la Mabayani tunayoyalipia yanamwagika mpaka asubuhi. Tukapita nyuma ya jiko, kwenye mabweni, tukaishia kwenye madarasa ya upande wa bahari. Hapo mzee alipanda ngazi akang'oa msumari wa bati kwa vidole vyake na kushuka nao. Kichwa chote kilikuwa kutu. Akatupa darasa ambalo sijawahi kulipata mahali pengine: chumvi ya bahari huanza na kichwa cha msumari, kutu ikahamia kwenye bati kuzunguka tundu, masika ikiingia maji yanatambaa kwenye mbao za kenchi. Ikifika hapo huzungumzii msumari tena, unazungumzia kenchi na dari. Bati la geji 30 huku pwani linakwisha mapema, la geji 28, ambalo ni nene zaidi, linavumilia. Yote hayo alikuwa nayo kwenye kaunta buku lake, kwa tarehe, kwa jengo, kwa chumba.

Kocha akaliomba, akapitia kurasa kadhaa taratibu.

“Hili, mzee wangu, nani mwingine analisoma?”

“Nalisoma mwenyewe.”

Akanigeukia mimi. “Na bajeti mnaandika mwezi gani?”

Nikamwambia Novemba. Hakuongeza neno, akatuacha tuangaliane. Karibu kila kitu kilichokuwa kikinifikia mezani kama dharura kilikuwa kimeshaandikwa miezi mingi nyuma, kwenye daftari lililokaa kwenye banda la vifaa. Mzee alikuwa na habari zote bila fedha, ofisi ikawa na fedha bila habari, na ngazi ya kupitishia kutoka kwake mpaka bodi haikuwepo. Semina za fedha nilizohudhuria zilinifundisha kuandika hati ya malipo vizuri zaidi. Hakuna iliyowahi kunipeleka kwenye paa.

Tulichojenga baada ya hapo ni kitu cha kawaida kabisa. Kila mwisho wa mwezi mzee anajaza karatasi moja kwa Kiswahili yenye sehemu tatu: kinachoweza kusubiri, kinachotakiwa kabla ya mvua, na kinachohatarisha mtoto. Hiyo ya tatu haisubiri bajeti, inapanda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Zilizobaki tunakaa nazo pamoja, tunachukua profoma, yaani karatasi za bei, kwenye maduka ya vifaa kule Ngamiani, na kila kitu kinaingia bajeti kikiwa na bei yake na mwezi wake. Paa na gata ni Februari, kwa sababu masika inaanza Machi. Vyoo na makaro ni likizo ya Juni. Rangi, madawati na vitasa ni Desemba. Fungu la matengenezo sasa linasimama lenyewe kwenye vitabu, halimo tena kwenye “mengineyo”. Masurufu ya haraka haraka yamepungua mpaka mkuu wa shule akauliza kulikoni. Na mzee siku hizi anaitwa kwenye kikao cha bajeti, anakaa, anaeleza, anasikilizwa. Hili linanifurahisha kuliko namba zote, kwa sababu huyu mtu ameitunza shule hii muda mrefu kabla yangu.

Swali zito kuliko yote lilikuja tukiwa bwenini. Kocha alisimama mlangoni akauliza, “Saa nane za usiku ufunguo wa hapa uko kwa nani?” Kwa matroni. “Na matroni analala wapi?” Chumba cha mwisho, upande wa pili. Akanyanyua macho kwenye madirisha. Nondo zote zilikuwa zimechomelewa, za kuzuia wezi. Hakuna mtu wa shule za bweni nchini asiyeijua Shauritanga, kule Rombo, ambako mwaka 1994 moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40. Sote tunaijua, na bado milango yetu tunaifunga kwa kuogopa mwizi kuliko moto. Mzee akafunua kaunta buku: alikuwa ameshaandika komeo la kufungulia ndani na nondo zenye bawaba. Tulipotafuta bei, kazi nzima haikufika hata fedha ya mafuta ya jenereta kwa mwezi. Leo kila bweni lina milango miwili inayofunguka kwa ndani bila ufunguo, na kila upande kuna dirisha ambalo mtoto wa kidato cha kwanza analisukuma likafunguka. Tumewajaribisha wenyewe, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kwa hilo peke yake ningelipa tena.

Jikoni nako tulipita. Serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka Watanzania 80% wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Shule nyingi zinaliona agizo hilo kama bei ya majiko mapya, basi. Kocha alimleta mpishi mkuu kwenye meza, na hesabu ikabadilika: lori la kuni, kibarua wa kupasua, kuni zinazolowa masika, masufuria yanayotoboka, ukuta unaopakwa rangi kila mwaka, wapishi wanaoomba ruhusa kwa kifua. Hakutuambia tununue gesi. Tulitoka na karatasi ya gharama za muhula mzima, pande zote mbili, ndiyo iliyokwenda kwa bodi. Wali na uji tumeshahamishia kwenye gesi. Maharage bado tunayajadili, yanakaa sana motoni.

Jambo la usiri nalisisitiza kwa yeyote anayefikiria huduma hii. Katikati ya mwaka mjumbe mmoja wa bodi alimtaka kocha amwambie anatuonaje, nani anafaa na nani hafai. Alikataa kwa adabu, akamwonyesha ile karatasi ya makubaliano: bodi itapewa malengo na hatua zilizofikiwa, maneno ya watu hapana. Bila msimamo huo mzee asingefungua mdomo. Mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote mezani hawezi kusema paa limeoza kama anadhani maneno yake yatageuzwa kuwa ripoti ya utendaji wake. Kocha akikubali kuwa jicho la mwajiri, mwajiri awe mkweli tu aite ukaguzi.

Yaliyonikera yapo. Karatasi zake za kazi zilikuja zote kwa Kiingereza, na zilionekana zimetengenezwa kwa shule za nchi za baridi. Kalenda ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya boila na ya theluji kwenye paa, lakini hakuna chumvi ya bahari, hakuna mchwa, hakuna karo la maji taka. Ilibidi mzee aseme, mimi niandike, mpaka tukapata yetu. Huduma ya bei ile inatakiwa ije na karatasi zinazosomeka na fundi wa Tanga.

Mazungumzo ya simu nayo yalikuwa dhaifu. Kwangu yaliangukia siku za mishahara, wakati kichwa kiko NSSF. Kwa mzee hayakusaidia kabisa, kwa sababu yeye anaeleza kwa mkono: anagonga ukuta, anaonyesha ufa, anakupeleka kwenye koki. Simu inamnyang'anya lugha yake. Kama ningepanga upya ningepunguza simu na kuongeza ziara, hata kama nauli ya kocha inapanda.

Tena kocha si mhandisi, wala si Zimamoto. Kwenye nyaya za umeme za bweni la zamani alisema wazi kwamba hapo anaishia, akatutaka tuite fundi wa umeme mwenye leseni na watu wa Zimamoto na Uokoaji waje wakague. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini nimesikia shule inayomtegemea kocha wake kama mshauri wa kila kitu, na kwenye umeme na moto hiyo ni hatari.

Kuhusu bei, malipo ya mihula miwili yalikuwa chini ya ada ya mwaka ya mwanafunzi mmoja wa bweni. Kwa shule ya watoto mia kadhaa inawezekana. Kwa shule ndogo nashauri mbili au tatu zilizo jirani ziungane, kocha azunguke, na wahasibu na mafundi wake wapate pia kutembeleana. Kwa shule ya serikali yenye ruzuku ile siwezi kusema mkuu wa shule alipe. Hapo ni halmashauri ndiyo yenye uwezo wa kufikiria kumpa kata nzima kocha mmoja.

Ukitaka kuingia, usikubali kumlipia mhasibu peke yake. Nimezungumza na mwenzangu wa shule nyingine aliyepitia ukocha bila fundi wake. Amepata faida, anapanga siku yake vizuri zaidi, lakini majengo yako vilevile na dharura zinamfuata kama zamani. Pia uliza kabla ya kusaini: ziara ngapi za kuja shuleni, karatasi ziko kwa lugha gani, siri inalindwaje, na kama kocha mwenyewe amewahi kufanya kazi ndani ya shule. Aliyetoka benki au kwenye mahoteli atakuhimiza, ila hatajua kwa nini mchele unaisha wiki mbili kabla ya likizo.

Sisi tumeomba mkataba mwingine, uanze baada ya masika. Safari hii mpishi mkuu na mtunza stoo wamo, ziara ni nyingi kuliko simu, na kalenda ya ukaguzi itakayotumika ni ile ya mzee.